Chevrolet 350 ya barabarani: nguvu inatoka wapi hasa

Mwaka 1971 Chevrolet waliitangaza injini yao ya LT-1 kuwa na nguvu za farasi 330. Mwaka uliofuata injini ya jina hilohilo ikatangazwa kuwa na farasi 255. Chuma kilikuwa karibu kilekile: silinda nane, ujazo wa inchi 350, kabureta moja. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kupima. Zamani viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa tupu juu ya mashine ya majaribio, bila feni, bila kisafishio cha hewa, ekzosi ikipumua wazi. Kuanzia 1972 vikaipima ikiwa imebeba kila kitu inachokibeba ndani ya gari.

Naanza na namba hizo kwa sababu mtu anayenunua gari la zamani la Kimarekani ili alifufue huwa na swali moja: farasi wangapi? Swali hilo limewafanya wengi wafunge vipuri vikubwa kupita kiasi, wakaishia na injini inayonguruma vizuri ikiwa imesimama lakini inajikongoja ikiondoka kwenye taa za barabarani. Injini ya barabarani inajengwa kwa kujiuliza mambo mawili: muda mwingi inazunguka mara ngapi kwa dakika, na ikiwa hapo inasukuma kwa kiasi gani?

Msukumo unaousikia mgongoni gari linapoondoka ni torki, yaani nguvu ya kusokota ya krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Farasi ni hesabu inayotokana na torki hiyo: chukua torki kwa futi-pauni, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawa kwa 5,252. Kwa hiyo injini inaweza kuandikiwa farasi wengi kwa sababu tu inazunguka kwa kasi kubwa, ilhali huku chini ambako dereva anashinda haina kitu. Tazama ZZ4, injini mpya ya 350 ambayo General Motors waliiuza ndani ya kreti kwa watu wa kujifungia wenyewe. Ilitoa farasi 355 kwenye mizunguko 5,250, lakini kilele cha torki yake, futi-pauni 405, kilifika kwenye mizunguko 3,500 tu. Namba hiyo ya pili ndiyo inayotamba barabarani.

Magari haya, ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, yalishika kasi mwaka 1964 Pontiac walipochukua gari la ukubwa wa kati na kulitia injini ya inchi 389 iliyokuwa ya magari yao makubwa, wakaliita GTO. Vijana wa Detroit wakawa na barabara yao ya kujionyesha, Woodward Avenue. Kuna injini kubwa na maarufu kuliko 350, lakini mimi humshauri anayeanza aikumbatie hii. Familia yake ilianza 1955 kwa ujazo wa inchi 265, yenyewe ikaingia 1967 ndani ya Camaro, na mwaka 2011 General Motors walitangaza kwamba injini ndogo za V8 za Chevrolet zilizotengenezwa, pamoja na za vizazi vya baadaye, zimefika milioni 100. Maana yake vipuri vipo, bei yake haiumizi, na kila kosa linaloweza kufanywa juu yake tayari linajulikana.

Kabla ya kununua kipuri chochote, bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, huenda kwa fundi wa kuchonga vyuma. Huoshwa, hukaguliwa nyufa, hupimwa. Silinda iliyofanya kazi miaka 50 huwa imelika zaidi juu kuliko chini, na ringi mpya haziwezi kuziba tundu la namna hiyo. Kipenyo cha kiwandani ni inchi 4, yaani milimita 101.6, kwa kawaida huongezwa milimita 0.76, na ujazo wa injini unapanda kutoka inchi 350 hadi 355. Fundi anayejua kazi yake hufunga kwanza bamba zito la chuma juu ya bloku, kwa boliti zilizokazwa kwa torki ileile ya silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda chenye vali, ndipo asugue kuta za silinda kwa mawe ya mwisho. Boliti zinapokazwa huvuta chuma na kuipinda silinda kidogo sana. Ukisugua bila bamba unapata mduara kamili juu ya meza, kisha unaupoteza siku ya kufunga hedi.

Vipimo vya ndani ni vya subira. Beringi kuu za krankshafti zinahitaji nafasi ya milimita 0.06 hivi ili oili ipite na kuubeba mhimili wote. Ikibana, oili haipiti na injini inanoki, ikilegea, presha ya oili inaporomoka injini ikipata moto. Ringi ya pistoni nayo hutumbukizwa peke yake ndani ya silinda yake, ikasukumwa chini kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, halafu pengo la ncha zake likapimwa kwa fila geji. Kwa silinda hii pengo la milimita 0.4 linatosha kwa barabara. Bila pengo la kutosha ringi ikipata joto ncha zake hugusana, na ikikosa pa kwenda huivunja pistoni. Kazi hii hurudiwa silinda kwa silinda, na kila ringi huwekewa alama ya silinda yake.

Sasa tufike kwenye mgandamizo, kwa sababu hapa ndipo maneno mengi husemwa bila hesabu. Uwiano wa mgandamizo ni ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, ukigawanywa kwa ujazo unaobaki ikiwa juu kabisa. Kwa injini yetu ya 355, pistoni inafagia sentimita za ujazo 727 katika kila silinda. Ujazo unaobaki juu ni jumla ya vitu vinne: chumba cha mwako ndani ya hedi, unene wa gasketi, nafasi kati ya uso wa pistoni na uso wa bloku, na vijishimo vilivyochongwa juu ya pistoni ili vali zisiigonge. Hedi nyingi za miaka ya sabini zina chumba cha sentimita 76. Jumlisha gasketi ya kawaida 8.7, nafasi ya juu 5.2 na vijishimo 6, unapata karibu 96. Uwiano: 8.6 kwa 1. Badilisha hedi tu, weka zenye chumba cha 64, uwiano unapanda hadi 9.7. Na ukimwambia fundi achonge uso wa bloku mpaka pistoni ifike usawa wake kabisa, unafika 10.2.

Kila hatua juu huongeza torki mahali pote, hata kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, na hupunguza ulaji wa mafuta. Ndiyo maana magari ya kabla ya 1971 yalikuwa na 10 na hata 11 kwa 1, na ndiyo maana General Motors waliposhusha uwiano mwaka huo ili injini zao zikubali petroli yenye risasi kidogo, uhai ukapungua. Lakini kuna mpaka, nao unaitwa kugonga. Plagi ikishawasha, moto husambaa ndani ya chumba kama wimbi, na mchanganyiko wa hewa na petroli ulioko pembeni, ambao haujafikiwa bado, hubanwa na kupata joto. Ukizidiwa unalipuka wenyewe mara moja. Unausikia kama kokoto zinazorushwa ndani ya kopo, hasa gari likipanda kilima. Ukiachwa uendelee hutoboa pistoni.

Oktani ya petroli ni kipimo cha uvumilivu wake dhidi ya jambo hilo, na hapa msomaji wetu achunge namba. Pampu za Marekani huandika wastani wa njia mbili za kupimia. Huku Afrika Mashariki na Ghuba huandikwa matokeo ya njia moja, ambayo hutoa namba ya juu zaidi. Kwa hiyo Mmarekani akisema injini yake inatumia 91, anazungumzia kitu kinachokaribiana na 95 ya kituo cha mafuta cha Muscat au Dar es Salaam. Kwa hedi za chuma cha kusubu na mafuta hayo, mimi sivuki 9.7. Hedi za alumini huondoa joto haraka zaidi, na nyingi huvumilia 10 au zaidi kidogo.

Ajabu ni kwamba kuikaribisha pistoni kwenye hedi kunaweza kuongeza mgandamizo na wakati huohuo kupunguza kugonga. Upande mmoja wa chumba cha mwako ni bapa, na pistoni ikifika juu huubana mchanganyiko ulioko hapo na kuurusha kwa nguvu upande wa plagi. Msukosuko huo huharakisha moto, na kona ya mbali haibaki na mafuta ya kulipuka ovyo. Faida hiyo hupatikana nafasi ikiwa milimita 1 hivi. Kwa gasketi na bloku ambayo haijachongwa nafasi hufika milimita 1.65, na msukosuko unapooza. Ndiyo sababu kuchonga uso wa bloku kunalipa kuliko kipuri chochote kinachong'aa. Ukichonga, chagua pistoni yenye bakuli dogo juu ili uwiano urudi unapoutaka, huku nafasi ikibaki finyu.

Risasi nayo ilikuwa na kazi ya pili: ilipaka vali za kutoa moshi utando uliozuia chuma kula chuma. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, kwa msukumo mkubwa wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, na Algeria ikafunga ukurasa huo duniani mwaka 2021. Ni habari njema kwa akili za watoto wetu. Kwa hedi ya 1968, maana yake ni kwamba fundi afunge viti vya vali vya chuma kigumu. Vinginevyo vali zitazama taratibu ndani ya hedi.

Kuhusu hedi zenyewe nitasema kwa kifupi: ndizo pesa bora utakazotumia. Hedi za Vortec, zilizotoka kwenye malori madogo ya Chevrolet ya 1996, zina chumba cha sentimita 64 na njia za hewa zinazozidi mbali za zamani. Ziangalie nyufa, na ujue zinataka manifodi yake ya hewa, kwa sababu matundu ya boliti ni tofauti.

Kamshafti ndiyo inayoamua tabia ya injini, na ndipo tamaa inapoharibu. Vijiti vyake huamua vali zifunguke lini, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Muda huo huhesabiwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankshafti, na watengenezaji huupima kuanzia tapeti, kipande kinachoinuliwa na kijiti ili vali ifunguke, inapokuwa imeinuka milimita 1.27, ili kamshafti za kampuni mbalimbali zilinganishwe. Kwa 355 ya barabarani, nyuzi 214 hadi 224 zinatosha. Watu hununua 240.

Kinachotokea ni hiki. Vali ya kuingiza haifungi pistoni ikiwa chini kabisa. Huchelewa, huku pistoni ikiwa tayari inapanda. Injini ikizunguka kwa kasi, hewa inayoingia ina mbio yake na huendelea kuingia hata pistoni ikiisukuma. Injini ikienda polepole mbio hiyo haipo, na sehemu ya mchanganyiko hurudishwa ilikotoka. Kamshafti kubwa huchelewesha zaidi ufungaji, kwa hiyo ule uwiano wa 9.7 uliouhesabu kwa kalamu haupatikani chini ya mizunguko 3,000. Zaidi ya hapo, vali ya kutoa na ya kuingiza hubaki wazi kwa pamoja kwa muda mrefu, moshi unachanganyika na mchanganyiko mpya, na injini ikiwa kwenye sailensa inamisi na kurukaruka. Mlio huo unapendwa sana, na kweli una raha yake. Lakini mvutano wa hewa ndani ya manifodi ukishuka chini ya inchi 10 za zebaki, kisaidizi cha breki hakina cha kuvuta, na mguu wako ndio unaobaki kusimamisha gari la tani moja na nusu.

Kabureta hufuata hesabu rahisi. Zidisha ujazo wa injini kwa inchi na mizunguko ya juu utakayofikia, gawa kwa 3,456, utapata futi za ujazo za hewa kwa dakika. Kwa 355 na mizunguko 6,000 ni 616, na hiyo ni kama silinda zingejaa kabisa. Injini ya barabarani hujaa asilimia 85 hivi, kwa hiyo mahitaji halisi ni 525 tu. Kabureta ya Holley au Edelbrock ya 600 inatosha na kusaza. Ya 750 haitaua injini, lakini hewa ikipita polepole kwenye koo pana huvuta mafuta vibaya, na gari huzubaa kila ukikanyaga ghafla. Mchanganyiko wenyewe hulengwa karibu hewa 12.8 kwa mafuta 1 ukikanyaga mpaka mwisho, na 14 hadi 15 ukitembea mwendo wa kawaida. Kipima oksijeni kwenye ekzosi kimefanya kazi hii iwe ya mchana mmoja. Aliye Denver, mita 1,600 juu ya bahari, au Nairobi ambayo iko juu zaidi, ashushe jeti, kitundu kinachopimia mafuta ndani ya kabureta, kwa namba moja kwa kila mita 600 hivi, kwani hewa ya juu ni nyepesi.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza ndiyo inayoua injini nyingi zilizofungwa vizuri. Kamshafti ya zamani hukutana na tapeti bapa moja kwa moja, chuma kwa chuma. Ukizitazama kwa makini utaona ujanja: uso wa kijiti umeinama kidogo sana upande mmoja, na uso wa tapeti umevimba kidogo katikati, ili kila kijiti kinapopita kiizungushe tapeti. Tapeti isiyozunguka huliwa ndani ya dakika chache. Oili ya kulainisha vijiti hurushwa na krankshafti, nayo hairushi ya kutosha kwenye sailensa. Basi kabla ya kuwasha, pampu ya oili huzungushwa kwa mashine ya kutobolea kupitia tundu la distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa plagi, mpaka oili itokeze kwenye roka zote, yaani vile vyuma vinavyosukuma vali. Injini ikishika, inapandishwa papo hapo hadi mizunguko 2,000 au 2,500, na mwendo unabadilishwabadilishwa hapo kwa dakika 20 hadi 30. Oili iwe na zinki ya kutosha. Oili za magari mapya zimepunguziwa madini hayo kwa sababu fosforasi iliyomo huharibu kichujio cha moshi. Anayetaka kuepuka hatari hii afunge kamshafti ya rola, ambayo 350 zenyewe zilianza kuipata kiwandani 1987.

Baada ya hapo ni taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, na ningependa kila mtu aielewe kwa sababu haigharimu kitu. Moto ndani ya silinda unahitaji kama sehemu mbili za elfu moja ya sekunde kuenea. Krankshafti ikizunguka 800 kwa dakika, muda huo ni nyuzi 10 hivi. Ikizunguka 3,000, ni nyuzi 36. Kwa hiyo plagi lazima iwashe mapema zaidi kadiri mwendo unavyopanda, ili presha ifike kileleni pistoni ikiwa imeanza tu kushuka, nyuzi 15 hivi baada ya kufika juu kabisa. Juu ya mizunguko 3,000 msukosuko wa hewa huharakisha moto wenyewe, ndiyo maana uwashaji hauhitaji kuendelea kusogezwa. Kwa 350 nyingi, nyuzi 12 kwenye sailensa na jumla ya 34 hadi 36 ifikapo mizunguko 2,800 hutoa matokeo mazuri. Hedi za Vortec huridhika na 32 hadi 34. Pima hayo kwa taa ya taimingi huku hosi inayopeleka mvutano wa manifodi kwenye distribyuta ikiwa imechomolewa na kuzibwa.

Kisha irudishe hosi hiyo. Wapo mafundi wanaoitupa wakidhani ni takataka za sheria za moshi, wakati distribyuta zilikuwa nayo tangu zamani. Ukitembea mwendo wa kawaida mchanganyiko ni mwembamba na unawaka polepole. Kidude cha mvutano huongeza nyuzi 10 hadi 12, na ukikanyaga mafuta mvutano hupotea nacho huziondoa. Gari lisilo nacho hupata joto, hula mafuta na hupaka plagi masizi, hata likiwa na kabureta bora.

Ukiwa hapo kwenye distribyuta, tazama pia waya. Mpangilio wa kuwasha ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda za witiri ziko kushoto, za shufwa kulia, kwa hiyo pande mbili hazipokezani sawasawa, na huko ndiko unakotoka ule mngurumo wa V8 ya Kimarekani. Silinda ya 5 na ya 7 zimekaa jirani na huwaka moja baada ya nyingine. Waya zake zikilazwa sambamba, umeme wa 5 unaweza kuamsha wa 7 kabla ya wakati. Zitenganishe, au zipitishe zikikatana.

Kilichobaki ni difu. Kwa tairi la kimo cha inchi 26, na bila gia ya ovadraivu, difu yenye uwiano wa gia wa 3.08 huiweka injini kwenye mizunguko 2,450 hivi ukiwa kilomita 100 kwa saa, ya 3.73 huiweka karibu 3,000. Ya kwanza ni nzuri kwa safari na nzito kuondoka, ya pili huondoka kwa kishindo na huchosha masikio kwenye barabara kuu. Kwa injini niliyoieleza hapa ningefunga 3.42: kwenye kilomita 100 injini inazunguka 2,750 hivi, chini ya kilele chake cha torki, na ukitaka kulipita lori unakanyaga tu bila kushusha gia.